Zawadi za Idi na Michezo ya Watoto Wetu

 

Kila zikaribiapo siku za Idi, maduka ya mji wetu wa Mombasa, tangu Marikiti hata Kongowea, na ya Malindi na Lamu kadhalika, hujaa vitu vya kuchezea vya kila namna: motokaa za plastiki, bastola za kurushia vidonge, wanasesere wenye nywele za rangi ya mahindi, na vidude viliavyo na kuwakawaka taa. Na kila mwaka darasani petu huulizwa yale yale. Huyu auliza, je, yajuzu kumnunulia binti mwanasesere? Yule auliza, dhumna ni halali? Na mwengine haulizi halali wala haramu, yeye asema hana kitu cha kuwapa wanawe, na wana wa jirani watapewa, na mkewe amwambia aende akakope. Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, maana watu wetu wamekuwa makundi mawili. Kundi moja laona mchezo wote ni upuzi usiompasa mtoto wa Kiislamu. Na jingine hununua chochote kilichotandazwa dukani bila ya kutazama ni nini. Na makundi yote mawili yamekosa.

Hao wa kwanza twawauliza: je, dini yenu ni kali kushinda ya Mtume (S.A.W.)? Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwa Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.) kwamba Waislamu walipoamrishwa kufunga siku ya Ashura, waliwafungisha na watoto wao wadogo, wakenda nao msikitini, wakawafanyia vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula hupewa kile cha sufi acheze nacho mpaka wakati wa kufutari. Zingatieni khabari hii, ndugu zetu. Kitu cha kuchezea kiliingia msikitini, tena mikononi mwa kizazi kilicho bora, nacho kiliingia kuisaidia ibada wala hakikuja kuiharibu. Leo mtoto akiingia msikitini na kigari mkononi, wazee sita humkemea kwa pamoja.

Na tuna khabari ya Abu Umair, ndugu yake mdogo Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege chake akichezea. Kijindege kikafa, na mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.), pamoja na mzigo wa umma aliokuwa nao, alikuwa akimwuliza mtoto yule khabari za kijindege chake kwa maneno ya kumchangamsha. Na Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake katika nyumba ya Mtume, na shoga zake wakija kucheza naye, nao wakimwona Mtume akiingia hujificha kwa haya, naye huwarejesha wakaendelee. Abu Daud ameeleza kwamba kati ya wanasesere wale mlikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume akauliza juu ya mbawa zile, akajibiwa kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, akacheka hata yakaonekana magego yake. Riwaya yasema alikuwa ametoka vitani wakati ule. Ni nani katika sisi atokaye kazini jioni, na kazi yenyewe si vita, akasimama kuuliza juu ya farasi wa kitambaa?

Imamu Ghazali naye, ambaye hapana awezaye kumdhania upuzi, ameandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni yafaa aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani kumzuilia mchezo na kumkalifisha masomo siku zote huufisha moyo wake na kuuzima ujanja wake, hata akawa atafuta hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Na watoto wetu wa leo hutoka shule alasiri, wakaingia madrasa, wakatoka madrasa wakaingia tuisheni, wakarudi nyumbani ni usiku. Khalafu twauliza kwa nini mtoto aichukia juzuu.

Sasa twende kwa kundi la pili. Kujuzu kwa mchezo hakuna maana kwamba kila kiuzwacho ni kizuri. Sisi twaona kuna kipimo kimoja ambacho mzazi aweza kukitumia papo hapo dukani, hata kama hakusoma kitabu. Na ajiulize: kitu hiki, ni mtoto atakayekicheza, au ni chenyewe kitacheza na mtoto atazame? Yule mbwa wa plastiki atembeaye na kubweka kwa betri, mtoto hana kazi naye illa kubonyeza. Siku ya kwanza nyumba nzima yacheka. Siku ya tatu betri zimekwisha na mbwa yuko chini ya kitanda. Lakini mpe mtoto vipande vya mbao vilivyopigwa randa vizuri, leo vitakuwa nyumba, kesho gati la Kilindini, kesho kutwa msikiti na mnara wake. Watoto wa Lamu wachongao vidau vyao vidogo na kuvitweka tanga ufuoni wajua upepo na mkondo wa maji kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote. Pia, tiara, gololi, mdako, kamba ya kuruka, mpira: hivi vyote bei yake ni ndogo na kazi yake katika mwili na akili ya mtoto ni kubwa.

Amma wanasesere, maulamaa wamekhitalifiana, na hatupendi kuficha khitilafu yao. Wengi wao wamewatoa wanasesere wa watoto katika katazo la masanamu, kwa hadithi ile tuliyoitaja, na wakaona kwamba msichana hujizoeza nao ulezi na mambo ya nyumba. Wako waliosema ruhusa ile iliondolewa baadaye. Sisi twafuata kauli ya wengi. Lakini kujuzu kwa mwanasesere ni jambo moja, na umbo lake na mavazi yake ni jambo jingine. Yule mashuhuri wa Marekani, Barbie, aliyetolewa mwaka 1959, aliumbwa kwa mfano wa mwanamke mzima; na mtoto wa miaka 5 ampatapo hamlezi kama mwana, bali humvisha na kumvua na kutamani kuwa kama yeye. Mwaka 2003 wakatoka wafanyibiashara katika nchi za Waarabu na mwanasesere wao Fulla, amevaa abaya na mtandio, na watu wetu wengi wakafurahi. Hatumkatai, ila twaona amejifunza biashara ile ile: leo nunua yeye, kesho nunua nguo zake, kesho kutwa mkoba wake. Yule mwana wa kitambaa ambaye bibi alimshona kwa kipande cha leso kuukuu, akamtia usufi ndani, ni bora kuliko wote wawili. Na msichana aliyekaa kitako akamwona bibi akishona amepata zawadi mbili.

Bastola na bunduki za kuchezea twazikataa wazi, wala hatuzungumzi juu ya hizo pasi na sababu. Katika Bukhari na Muslim mna katazo la Mtume (S.A.W.) la mtu kumwelekezea nduguye silaha, maana hajui huenda Shetani akamponyoa mkono, na katika Muslim mna kwamba malaika humlaani afanyaye hivyo hata akiwa ni nduguye wa baba na mama. Mtoto wetu siku ya Idi husimama kichochoroni akamwelekezea kila apitaye. Vile vidonge vya plastiki vimetoa macho ya watoto katika nchi nyingi, na jicho haliuzwi Marikiti. Iwapo mtu atatupinga kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao katika msikiti wa Mtume siku ya Idi, na Mtume akawaachilia, twamjibu kwamba wale walikuwa watu wazima, mahodari wa silaha zao, wakionyesha ustadi mbele ya watu. Hawakuwa wakiwatisha wapita njia. Anayetaka mwanawe ajue shabaha na amfundishe kutupa mshale kwenye ubao, naye mwenyewe amesimama hapo.

Na kuna khatari nyengine ambazo mama wengi hawazijui, nazo zafaa kutajwa hata katika maneno ya dini, kwani kuihifadhi roho ni katika makusudio makubwa ya sharia. Ndani ya vidude vingi mna betri ndogo za mviringo mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza ikamnasa katika umio, huanza kumchoma kwa ndani, na kwa muda wa saa 2 yaweza kumdhuru vibaya mno. Mzazi akishuku tu, asingoje kuona, wala asimtapishe. Amkimbize hospitali saa ile ile. Sumaku ndogo ndogo ni kadhalika, mbili zikimezwa huvutana matumboni na kuyatoboa. Kitu chenye sehemu ndogo za kung'oka kisipewe mtoto aliye chini ya miaka 3, hata akikililia. Na rangi nazo: mwaka 2007 huko Marekani vilirudishwa madukani vitu vya kuchezea kwa mamia ya maelfu kwa kuwa rangi zake zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Ikiwa nchi yenye wakaguzi wote wale ilipatikana na hayo, basi kile kiuzwacho kando ya njia, hakina jina la mtengenezaji na rangi yake yatoka mkononi, si cha kutiwa mdomoni.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya simu. Zamani mtoto akilia hubebwa. Leo akilia hupewa simu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa nasaha kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo hata kidogo, na wa miaka 2 hata 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Sisi twaona watoto wa miaka 3 wajuao kuifungua simu ya baba kabla ya kujua Alhamdu. Na michezo mingi iliyomo ndani yake imeingizwa mlango wa kamari: mtoto huambiwa anunue sanduku lililofungwa, hajui ndani mna nini, pengine kitu cha thamani, pengine takataka. Ubelgiji, nchi isiyo ya Kiislamu, mwaka 2018 ilihukumu kwamba masanduku hayo yalipiwayo fedha ni kamari. Na sisi, tuliokatazwa maisiri katika Sura ya Maida, twawapa wana wetu simu kama zawadi ya kukhitimu. Kijana aliyezoea sanduku lile akiwa na miaka 10, atakapoanza kuweka fedha juu ya mechi za mpira akiwa na miaka 18, tusishangae wala tusiseme amepotezwa na marafiki. Simu si kitu cha kuchezea. Akihitaji kwa masomo na apewe kwa masomo, tena mbele ya macho ya wazee wake.

Imepokewa katika Nasai kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kuirefusha sijida katika sala ya jamaa hata watu wakadhani kuna jambo limetukia. Aliposalimu alieleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha kabla hajatosheka. Huo mgongo ulikuwa mchezo wa mtoto yule, na haukununuliwa dukani.

Na hapa ndipo pa kumjibu yule ndugu asiyekuwa na kitu. Ewe ndugu yetu, usikope. Mkopo wa simu uliao na ziada juu yake ni riba, na motokaa ya plastiki iliyonunuliwa kwa riba ili jirani aone, imekusanya maasi na isirafu na ria mahali pamoja. Wala usimwahidi mtoto usichonacho ili anyamaze. Abu Daud amepokea khabari ya mama aliyemwita mwanawe kwa kumwambia atampa kitu. Mtume akamwuliza alikusudia kumpa nini, akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingelimpa kitu angaliandikiwa uwongo. Mwambie mwanao kweli kwa upole, kisha kata njiti za kuti, tafuta karatasi na uzi na gundi ya unga, umfanyie tiara kwa mikono yako, naye akae kando akikushikia uzi. Enda naye pwani baada ya alasiri. Twawajua watu wazima ambao zawadi zao zote za Idi wamezisahau illa tiara aliyoifanya baba.

Jambo ambalo hatutaki kulipita mbio ni uadilifu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Nuuman bin Bashir (R.A.) kwamba babake alimpa yeye zawadi, na mamake, Amra binti Rawaha, hakuridhika mpaka Mtume ashuhudie. Mtume akamwuliza Bashir kama amewapa wanawe wote mfano wa ile. Akasema la. Mtume akakataa kuishuhudia, akawaamrisha wamche Mungu na wawafanyie uadilifu watoto wao. Na Bashir akairejesha zawadi yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi kuwasawazisha watoto katika zawadi ni sunna na kuwapambanua bila sababu ni makuruhu. Na Imamu Ahmad ameona ni wajibu.

Sasa na tutazame miji yetu. Mtu ameacha mke Majengo, ana wana watatu kwake; ameoa mwengine Kisauni, ana wana wawili. Siku ya Idi wale wa Kisauni wapata baiskeli, na wale wa Majengo wapelekewa noti ya kugawana, tena kwa mkono wa mtu. Mtoto wa miaka 7 hajui talaka ni nini. Ajua tu kwamba nduguye ana baiskeli na yeye hana, na amefahamu kwa hayo kwamba yeye si mwana kamili. Twawaambia kina baba wa namna hii waziwazi: ugomvi wako na mama yao hauwaondolei haki yao. Kama fedha zatosha baiskeli moja tu, basi baiskeli isinunuliwe. Na wanunuliwe wote watano vitu vidogo, na wewe mwenyewe uvipeleke kwa mkono wako, ukae nao saa moja. Mtoto wa mke aliyekuja na mama yake, na yatima aliye chini ya paa lako, na mtoto wa mtumishi wa nyumbani aliyeletwa siku ile ya sikukuu, hao nao wana macho.

Na wasichana kadhalika. Mvulana hununuliwa mpira, msichana hununuliwa vyombo vya kuchezea jikoni, na hilo si baya. Baya ni kwamba mvulana huachiwa acheze na msichana huitwa akapike kweli. Kusawazisha si kuwapa wote kitu kimoja. Mkubwa hupewa cha umri wake na mdogo cha wake. Uadilifu ni mtoto asione kwamba moyo wa baba una upande.

Imebaki michezo ya nyumba nzima, ambayo twaona ni zawadi bora, kwani haimilikiwi na mmoja. Dadu twawanasihi watu waiepuke: Mtume (S.A.W.) amekataza nardi kwa maneno makali yaliyomo katika Muslim, na wengi wa maulamaa wameuingiza humo kila mchezo wa dadu hata usipochezewa fedha. Kwa hiyo Ludo na nyoka na ngazi hatuzipendi, ingawa twajua zimo katika nyumba nyingi. Mwenye nazo asianze kupigana na mkewe. Na alete kilicho bora zaidi, dadu itasahauliwa yenyewe. Sataranji katika madhehebu yetu ni makuruhu, na wako waliokuwa wakali zaidi. Keram na dama na dhumna ni michezo ya akili na mkono, nasi hatuoni ubaya wake maadamu hapana fedha juu yake wala hata soda ya mshinde kumlipia mshindi, na maadamu adhana ikilia mchezo huachwa ulipo. Tatizo letu na dhumna si dhumna. Ni baba aichezaye barazani mpaka saa sita za usiku, watu wote wa mtaa wamjua kwa kicheko chake, na mwanawe hakijui.

Katika yote hayo sisi twapendelea bao. Mashimo 32, kete 64, kila mmoja na 32 zake, 22 mkononi wakati wa kunamua na 10 zimetegwa ubaoni. Mtoto anayejifunza bao hujifunza kuhesabu mbele, shimo kwa shimo, kabla ya kuigusa kete. Hujifunza kungoja zamu yake na kuuona mtaji wa mwenziwe. Ubao wa mvule uliochongwa vizuri hudumu miaka mingi na hauna betri. Lakini wazee wanaolijua bao sawasawa wamepungua, na vijana wengi wajua la kuviringisha tu, hawajui kunamua. Mwenye babu yake aliye hai na ambebee ubao siku ya Idi ya pili, pamoja na wajukuu wote, wavulana kwa wasichana. Na kete zikipotea, komwe ziko pwani, na mawe madogo ya mviringo hufaa vile vile.